Kifua cha Wekesa

Jumatatu, 7 Februari 1983
Nimeamka kabla ya mke wangu Rosa. Nimekohoa nikiwa nimeinamia karai, kama kila asubuhi. Chai. Mkate umenishinda. Kutoka mlangoni hadi bombani nimepumzika mara mbili. Watoto wa mtaa wetu wa Jericho wamezoea, hawanitazami tena.

Mutua amelipwa fidia. Tulifanya naye kazi kiwanda kimoja cha mabati ya asbesto, na vumbi lilimharibu mapafu kama mimi. Anasema niende kwa wakili wake. Nitaenda. Daktari amesema mapafu yangu hayaponi. Basi Rosa abaki na kitu nikishazikwa.

Alhamisi, 10 Februari
Ofisi ya wakili iko juu ya duka la viatu. Ngazi nyingi. Nilifika sina pumzi ya kutaja jina. Na jina ndilo tatizo.

Kiwandani naitwa Wekesa. Wekesa ni kaka yangu. Yeye ndiye aliyepata ile kazi, kisha kabla hajaanza baba akafa, ikabidi arudi Bungoma kutunza mama na shamba. Kazi haiachwi ipotee. Nilichukua kipande chake, kile cheti cha kuonyesha getini, nikaingia. Nyapara hakuangalia sura, aliangalia kama mtu ana mikono. Wengi tuliingia hivyo. Vitambulisho vipya vilipokuja nikachukua changu kwa jina langu, Barasa. Kiwandani nikabaki Wekesa.

Wakili amejikuna kichwa. Anataka kaka aje aape kwamba hakuwahi kufanya kazi pale.

Jumatano, 23 Februari
Siku mbovu. Sikutoka.

Nimekumbuka magunia. Tulikuwa tukiyapasua kwa kisu na kumwaga zile nyuzi kwenye mashine, nyusi zinageuka nyeupe. Tulitaniana: wewe babu, wajukuu hawajambo? Kampuni ilitupa kila mtu pakiti ya maziwa, eti yanaosha kifua. Yangu niliwaletea watoto. Mutua aliyanywa yake yote, na ya wenzake pia, na bado anakohoa damu.

Nimejaribu kukasirika. Hasira haikuja.

Ijumaa, 11 Machi
Kaka amefika na basi la asubuhi, na jogoo na ndizi. Yeye ndiye mkubwa, lakini tulipopanda basi la mjini kondakta alimwambia amsaidie mzee. Mzee ni mimi.

Tumekwenda ofisi ya kazi. Mutua alikuja kuwa shahidi, amevaa koti la kanisani. Akasema amefanya kazi na Wekesa bega kwa bega. Afisa akauliza Wekesa ni yupi. Kaka akasimama, jina lake limetajwa. Mutua akaninyooshea kidole mimi. "Si huyu hapa! Wekesa ndiye huyu. Mimi nimekunywa na yeye chai miaka hiyo yote!"

Afisa alicheka. Mimi pia ningecheka, ningekuwa na pumzi. Mutua hakusema uongo, hajui jina lingine. Sikuwahi kumwambia. Hata leo, tukisubiri kwenye benchi, tuliongea habari za mvua.

Mtu wa kampuni hakucheka. Kampuni inamjua Wekesa mmoja, na mwenye kitambulisho cha Wekesa ni huyu aliyesimama. Basi daktari wao ampime.

Jumatatu, 14 Machi
Kaka amepigwa picha ya kifua. Kwanza aliniuliza kama inauma. Nikamwambia ni baridi tu. Jioni amekula ugali wa watu wawili, kisha akatutekea maji, ndoo mbili kwa mpigo, anapiga mluzi.

Ninampenda. Leo nimemchukia.

Jumatatu, 28 Machi
Jibu limekuja. Wekesa amepimwa, kifua chake ni safi, hana cha kudai. Barasa hakuwahi kuajiriwa, naye hana cha kudai.

Wakili anasema tunaweza kukata rufaa, ila itachukua muda. Aliposema muda aliangalia dirishani.

Kaka amelia pale pale kwenye ngazi, watu wakipita. "Mdogo wangu, heri ningekuwa na huo ugonjwa, ungelipwa." Nimemwambia asirudie maneno hayo. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nikitazama viatu dukani, vile vya kike vyeusi. Rosa angevipenda.

Rosa hakulia. Ametoa nguo safi kabatini akaenda kuzifua.

Jumapili, 3 Aprili
Pasaka. Kaka amerudi nyumbani jana. Ameacha koti lake, amesema alilisahau makusudi. Limenipwaya.

Nimekaa mlangoni. Nyimbo za kanisani zilinifikia hadi hapa. Nimemwambia Rosa jambo moja tu: kwenye msalaba wa kaburi langu waandike Barasa. Alikuwa akimenya viazi. Akasema amesikia.

Alasiri Mutua amekuja na mkongojo wake. Sasa anajua, wakili alimweleza. Rosa akamletea chai. Tumekaa tukikohoa kwa zamu mpaka jua likahamia nyumba za upande wa pili.

Alipoinuka alinishika bega. "Haya Wekesa, tutaonana."

Nimeitika.