Ukanda wa Paa Ulioruka Njia ya Igawa

Jumapili, Igawa. Jua limeshuka ila joto bado limekaa ndani ya gari. Naandika kabla sijalala.

Nimeripoti ajali za barabara hii kwa miaka mingi na najua zinavyoandikwa: mahali, aina ya gari, majina, mwendo, dereva anashikiliwa kwa mahojiano. Sentensi nne, tano. Leo nilikaribia kuwa huyo dereva.

Gari letu ni basi dogo kuukuu nililoligeuza nyumba. Lina kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Paa nililipandisha kwa fremu ya mbao ili mtu asimame wima ndani, na kingo zake zimefunikwa kwa ukanda wa alumini unaozuia mvua kupenya. Jana, nyumbani kwetu mtaa wa Soweto, Mbeya, niliona ukanda wa upande wa dereva umelegea kwa mbele. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Nilirudisha skrubu kwenye matundu yaleyale. Mbili zilizunguka bila kushika kitu.

Nilijua maana yake. Mbao imeoza. Nikapaka gundi ya silikoni juu, nikaingia ndani kunywa chai.

Leo asubuhi tukaondoka, mimi na mke wangu, kwenda Iringa kumwona binti yetu Nasra chuoni. Tulipoipita Igawa, lori lililokuwa linakuja likanipigia taa. Kila dereva wa huku anajua maana yake: trafiki wako mbele. Nikapunguza mwendo, nikapunga mkono kushukuru. Basi nalo likapiga taa. Nikapunga. Pikipiki ikapiga taa mara nyingi, nikapunga tena.

"Leo wamejaa huko mbele," nilimwambia mke wangu.

"Funga mkanda, Baba Nasra," akasema.

Nikafunga. Kisha kitu kikapasuka juu ya kichwa changu.

Hakukuwa na trafiki. Walikuwa wananionyesha paa langu.

Nilisimama pembeni na kushuka. Ukingo wa upande wangu ulikuwa wazi, na mbao nyeusi imebaki inaning'iniza vipande vya silikoni ambayo haikuwahi kukauka. Ukanda haukuwepo. Ulikuwa mrefu kuliko mimi, na makali yake nayafahamu kwa vidole vyangu.

Tulirudi nyuma kwa miguu. Niliukuta kwenye majani, umejikunja. Kwenye ncha kulikuwa kumenasa kitambaa cha kijani cha kufunga kichwani.

Nimewahi kusogelea vikundi vya watu barabarani nikiwa na kalamu mkononi, bila moyo kwenda mbio. Leo niliiona pikipiki imelala mtaroni, watu wameizunguka, nikasimama. Sikuwa nafikiria habari wala sheria. Nilikuwa naomba tu kichwa kiwe mahali pake. Mke wangu ndiye aliyetangulia. Nilimtazama mgongo wake ili nijue. Alipoinama na kunyoosha mkono kusalimia, ndipo nilipopumua.

Mwenye kitambaa alikuwa amekaa chini, kichwa wazi, anajipapasa nywele. Mama wa makamo. Wenyeji wanamwita Mama Tumaini. Dereva wa bodaboda aliyembeba alikuwa amechubuka goti.

"Mzee, nimekupigia taa mpaka nimechoka," akaniambia. "Wewe unapunga mkono tu, kama mgombea."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Niliwaomba radhi wote wawili.

"Kimepita hapa, baba," Mama Tumaini akasema, akigusa juu ya sikio. "Nilidhani ndege."

Alikuwa anaenda Igawa kupanda basi la Iringa. Binti yake amelazwa huko, anakaribia kujifungua. Basi alilolikusudia likawa limeshampita. Mke wangu akamwambia, bila kuniuliza, kwamba kesho alfajiri tutampeleka sisi.

Kwa hiyo mchana wote nimekuwa juu ya ngazi hapa Igawa, jirani na karakana ya seremala. Niling'oa ukanda wote wa upande ule, hata sehemu iliyoonekana nzima. Nilikwangua silikoni ya zamani. Mbao ilitoka kwa vidole kama mkate uliolowa. Nikaikata hadi nilipokuta mbao ngumu, nikaunga kipande kipya kikavu, nikakipaka rangi na kuliacha jua la bonde hili la Usangu lifanye kazi yake. Nikaunyoosha ukanda kwa nyundo ya mpira, nikautoboa mahali papya na kutumia skrubu ndefu. Silikoni nikaipaka mwisho, juu ya kitu kilichoshika.

Kila skrubu ilipobana nilisikia mbao ikilia. Hata hivyo niliikaza tena.

Mke wangu amenipitia na maji mara kadhaa. Mara ya mwisho aliniambia, "Shuka sasa, utalitoboa paa lote."

Jioni hii Mama Tumaini amekuja na mfuko wake, alale kwa ndugu yake hapa karibu. Alilizunguka gari polepole, akasimama chini ya ule ukingo.

"Umekaza?"

"Nimekaza, mama."

"Ning'inia nione."

Nikashika ukanda kwa mikono miwili na kuiinua miguu. Mtu mzima, nywele nyeupe, naning'inia kwenye gari langu mbele ya maduka. Haukusogea. Akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa gari.

"Sawa. Lakini kesho mimi nitakaa kule."

Nimemwambia hakuna shida. Hata mimi ningekaa kule, kama usukani ungekuwa kule.