Kipande cha Gathogo hakijaguswa

Lynn uko? Wacha kazi kidogo usome hii.

Gathogo, yule fundi wa mageti hapa Ruiru, leo ameaibika mbele ya karakana nzima.

Mwaka jana Syokau alimletea boti yake ya chuma ya kuvulia samaki kwenye bwawa la Masinga. Alitaka kubadilishiwa kile kipande cha magnesiamu kinachofungwa chini, ili kutu ikule hicho, iache boti. Cha zamani kilikuwa kimeisha kama mandazi imeng'atwa na watoto.

Gathogo akamcheka. "Mama, uliuziwa feki. Ona vile imelika."

Akamchagulia chuma cha stenlisi, ile ya mageti ya matajiri, akaipiga polishi. "Hii hailiki."

Ati hailiki.

Leo boti imerudi kwa lori, chini imetoboka kama chujio. Maji yalimwingilia Syokau akiwa katikati ya bwawa, akawa anayatoa na sufuria.

Na unajua jamaa alisema nini? Alipiga magoti, akapangusa stenlisi yake na shati. "Lakini si unaona kipande changu kiko sawa."

Kiko sawa, Lynn. Alisema hivyo.

Syokau akamjibu, "Basi kifunge shingoni twende nacho Masinga, tuone kama kinaelea."