Kanga Iliyomfunika Rubani

Jumatano, usiku

Ile kanga bado inaniuma. Juzi usiku kindege kilikuwa kinapita chini chini, kikaanguka kwenye mihogo yetu hapa Kibamba. Mama ndiye aliyefika kwanza. Akamfunika rubani kwa kanga, kijana wa watu akapelekwa nayo hospitali. Zawadi yangu ya Idi, hata haijafuliwa mara mbili!

Leo Mama kanipa kipande cha pili. "Doti haitenganishwi, mwanangu. Mpelekee."

Nimekwenda nimenuna, mie nimepanga kurudi na zote mbili.

Rubani kavunjika miguu, lakini yu hai. Mama yake kakaa pembeni, kajifunga kanga yetu. Kaifua, damu haijatoka. Nikampa ya pili. Akajitanda, akanishika mkono.

"Mwambie mama, mtoto wetu leo kanywa uji."