Wavu Uliotoka Kwenye Reli

Wanangu,

Wavu wa mbu wa mlango wa jikoni, ule wa kuvuta unaojikunja, umechomoka kwenye reli. Msiuvute, fundi anakuja kesho. Giza likikaribia fungeni mlango wa mbao, la sivyo mbu watatutafuna. Ule wa dirishani bado mzima, lakini mkiufungua mshike kishikio mpaka mwisho, msiuachie ujikunje wenyewe kwa kishindo. Nimesema mpaka mdomo umechoka.

Wewe kitinda mimba wangu, pole. Najua hukuufunga wewe. Niliufunga mimi asubuhi, na baba yenu akauvaa mzimamzima na sinia la chai mkononi. Akatokea upande wa pili na wavu shingoni kama samaki, halafu akaanza kukufokea wewe. Mimi nikapiga deki tu. Sina hata nguvu ya kununa.

Mliniuliza vile vitambaa vyekundu nilivyofunga katikati ya wavu ni urembo gani. Nilimfungia yeye, avione. Havikusaidia.

Kwa hiyo leo nimekwenda ~~kazini~~ hospitali ya macho kumtafutia nafasi ya kupimwa. ~~Msimwambie.~~ Mwambieni, ila msimcheke. Atasema wavu ndio mbovu. Mwacheni aseme.

Chakula kimo kwenye sufuria ya bluu. Funikeni mkimaliza.

Akirudi, msomeeni kikaratasi hiki kwa sauti. Atakishika, atakitazama, atawaambia ameshakisoma. Msomeeni hivyohivyo.

Mama yenu