Jina Kwenye Simu ya Elwyn

Jumatatu, 17 Machi

Pesa za nyumba ya Mama zimeingia! Karibu miaka sita tangu tumzike, na kaka Gwilym ndiyo kwanza amekubali kuhama na kuuza. Nusu yake, nusu yangu. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate sokoni ujumbe ulipoingia. Nimeusoma, nikaficha simu, nikaitoa tena kuusoma. Kama mwizi.

Mama alifua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda. Sitaki jasho lake lilale tu likiliwa na bei za vitu. Benki yetu ina jukwaa la kuwekeza mtandaoni. Unachagua kikapu — cha tahadhari, cha wastani, cha ujasiri — wao wananunua hisa na dhamana na kusimamia. Tawi lao hapa barabara kuu ya mji wetu, Aberdare, lilifungwa, sasa wanapaka watu rangi za kucha mle ndani. Lakini benki ni ileile tuliyoanza nayo tukiwa wachumba. Naijua. Inanijua.

Nimemwambia mume wangu Elwyn wakati wa chai. Kaweka kikombe chini polepole.

"Popote," kasema, "ila si hapo."

Kwa nini? Eti ada zao. Haya.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nzima na tableti. Macho yananiwasha. Majukwaa mengine ni nafuu kweli, lakini hayana mtu wa kupigia simu, ni kuandikiana na mashine. Moja lina rangi kama peremende na linakupa hisa ya bure ukijiunga. Hata mtego wa panya huwa na jibini.

Olwen wa nyumba ya pili kaja kuazima mizani. Kasema niziweke chini ya godoro — "godoro, bibi wee, halishuki thamani Jumatatu asubuhi." Nimecheka. Kisha nimelala macho.

Maana kuna jambo. Elwyn, mtu ambaye mpaka leo ananiita nimwekee saa ya oveni, kaniambia ada ya benki yetu kwa asilimia, mpaka nukta. Akaongeza kwamba ukiuza, pesa hazitoki siku hiyohiyo, unangoja. Nimemuuliza umejuaje. "Nimesikia kwenye kwaya."

Kwaya! Wale wazee wa sauti ya besi, ambao mazungumzo yao ni raga na magoti! Tangu lini?

Jumatano, 19 Machi

Kila Jumatano benki inamtuma dada mmoja na kompyuta yake pale maktaba, kona ya vitabu vya upishi. Anaitwa Shereen. Mpole, kucha fupi, haharakishi mtu. Kanieleza bila kunidharau. Hawezi kunishauri ninunue nini, haruhusiwi, ila anaweza kunionyesha njia. Pesa zinaweza kupanda, zinaweza kushuka, nisiweke za kula.

Hili sikulijua: akaunti isiyotozwa kodi haiwi ya mume na mke. Ni jina moja tu. Kila mtu ana kiwango chake cha mwaka, na mwaka wa kodi unaisha tarehe tano Aprili. Kwa hiyo, kasema, watu wengi wanagawana — nyingine kwa jina la mama, nyingine la baba. "Mlete mzee wiki ijayo, Bi Eirlys, tumfungulie na yeye."

Nimekuja mbio kumwambia. Tangu tuoane hatujawahi kuwa na senti yenye jina moja! Nilidhani atanuna. Badala yake: "Weka zote kwa jina lako. Ni za mama yako."

Haraka mno. Hata sikuwa nimemaliza sentensi.

Jumamosi, 22 Machi

Tumegombana. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kwenda maktaba!

Nimemwambia sitaki zote kwa jina langu, nikifa kesho je. Kasema sifi kesho. Nimemwambia nataka tugawane, ni haki, na kodi inapungua. Kasema yeye hataki jukwaa lolote, hataki dada yeyote wa maktaba kumchungulia mambo yake.

"Mambo gani?" nikauliza.

Kachukua kofia. Eti ana mazoezi ya kwaya. Kwaya yao ni Alhamisi. Huwa kuna "mazoezi ya ziada" baadhi ya Jumamosi, miaka sasa, na mimi sikuwahi kuuliza. Leo nimesimama dirishani mpaka akapinda kona. Hakuelekea kanisani. Ameelekea stesheni.

Jumapili, 23 Machi

Nyama ya kondoo, viazi, mchuzi. Tumekula kama watu wanaongoja basi. Kaniambia kwamba Jumatano atakuja maktaba, kama ndivyo ninavyotaka. Nimesema ndivyo. Kasema sawa. Uso wake kama mtu aliyepewa tarehe ya kung'olewa jino.

Jumatano, 26 Machi

Mwandiko leo utakuwa mbaya.

Tulifika mapema. Nyuma yetu wazee watatu wanne na mama mmoja na mtoto kwenye kigari. Shereen kanifungulia yangu kwanza, tukaenda vizuri mpaka maswali ya hatari: pesa zikishuka robo, utauza, utangoja, au utaongeza? Nimejibu nitangoja. Nimejisikia mtu mwenye busara.

Kisha zamu ya Elwyn. Shereen kamwambia aingie kwa simu yake mwenyewe, abonyeze palipoandikwa Wekeza. Elwyn kasema amesahau nywila. Shereen kacheka, "Si kidole tu, mzee?" Elwyn kasema hajavaa miwani. Basi mimi, mke mwema, nikaichukua simu, nikamshika kidole gumba nikakibandika. Ikafunguka. Nikabonyeza.

Hapakuwa na "Karibu, anza hapa." Palikuwa na mchoro wa mstari unaopanda. Miaka mitano ya mstari. Na juu yake, kwa herufi nene, jina la mfuko: NESTA.

Shereen aliona. Akageuza macho haraka kwenye kompyuta yake. Elwyn kaninyang'anya simu. Elwyn! Hajawahi kuninyang'anya kitu.

"Nesta ni nani?" nimeuliza. Nadhani kwa sauti kubwa, maana yule mtoto kwenye kigari aliacha kulia.

"Twende nyumbani, Eirlys."

"Nesta ni nani?"

"Si unavyofikiri."

Shereen, maskini, kasema kwa upole kwamba anaweza kutuachia namba yake, tuendelee siku nyingine. Nimemwambia asante. Nimebeba mkoba wangu. Tumepanda kilima mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Baadaye — nimemuuliza mara moja tu, akiwa anavua viatu. Kasema, "Nipe mpaka Ijumaa. Kuna mtu lazima nimuulize kwanza."

Kuna mtu lazima amuulize! Ruhusa ya kuzungumza na mke wake!

Nimehamishia mto wangu chumba cha nyuma.

Alhamisi, 27 Machi

Nesta. Nesta. Katika kwaya hakuna, ni wanaume watupu. Mke wa yule mwenye duka la vyuma? Yule ni Nerys. Nimemuuliza Olwen kama anamjua Nesta yeyote. Kanitazama, kasema, "Mzee kafanya nini?" Kaniletea mkate wa zabibu, bado moto. Olwen akikuletea mkate bila kuendelea kuuliza, ujue uso wako umeshasema.

Sijala.

Ijumaa, 28 Machi

Lazima niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba alisema vingine.

Kaja jikoni baada ya chakula cha mchana. Kavuta kiti, hakukaa. Kasema, "Mama Rhodri."

Miaka sita hajaniita hivyo. Nilikataza. Tangu mazishi ya Mama, ambayo mwanangu wa pekee hakuja, mjukuu aliyelelewa magotini pake — kaleta ujumbe tu wa simu: Siwezi kuja, Mama, nisamehe. Bila sababu! Nilisema siku ileile, mbele ya watu wote wakinywa chai ya matanga, asitie mguu kwangu tena. Na jina lake lisitajwe. Na halikutajwa.

"Nesta ni mtoto wake," kasema Elwyn. "Ni mjukuu wetu. Anatimiza sita mwezi wa Juni."

Nilikuwa nimeshika taulo la vyombo. Nimeendelea kukausha sahani ileile.

Kanieleza. Catrin, mke wa Rhodri, alikuwa ameshapoteza mimba mbili, wakawa wanaogopa hata kusema. Hii ya tatu hawakumwambia mtu. Alfajiri ya siku ya mazishi uchungu ukamshika, miezi mitatu kabla ya wakati. Mtoto katoka mdogo kama pakiti ya sukari. Catrin akawa anatokwa na damu, haisimami. Rhodri alikuwa anakimbia kati ya vyumba viwili pale hospitali ya Hereford, mji wanakoishi, hajui ataanza kumzika nani.

"Angesema!" nimesema. "Maneno mawili tu! Angesema!"

"Alitaka kuja kukuambia ana kwa ana, wakishatoka hatarini. Ila kabla hawajatoka, Gwilym alimpigia akamwambia ulichosema kwenye chai."

Elwyn alikuja kujua mwaka mmoja baadaye. Rhodri mwenyewe alimngojea nje ya mazoezi ya kwaya. Akamwonyesha mtoto, akamwapisha: Usimwambie. Kama hakutaka kujua kwa nini sikuja, basi asijue.

Tangu hapo Elwyn anaweka kidogo kila mwezi, kwenye benki yetu, kwenye jukwaa lilelile ninalolisifia mezani. Kidogo kutoka pensheni yake, kile alichoniambia ni cha ada ya kwaya na bia. Na zile Jumamosi, stesheni — anakwenda kumwona.

"Miaka mitano," nimesema. "Ulikuwa unalala pembeni yangu."

"Ulisema jina lake lisitajwe mezani."

"Mezani! Nyumba hii ina meza tu, Elwyn? Haina ngazi? Haina bustani? Haina kitanda?"

Alikuwa analia, mtu mzima yule, bila sauti, mikono imening'inia. Kanyoosha simu, kuna picha, nitazame. Nimegeuza uso. Sikuitazama. Sijui kwa nini sikuitazama.

Jana usiku, kasema, ndiyo amempigia Rhodri kuomba ruhusa. Rhodri kasema: mwambie.

Jumamosi, 29 Machi

Sijasema neno tangu jana. Elwyn anatembea kwa ncha za vidole.

Nimekaa na tableti nikaendelea pale Shereen alipoishia. Peke yangu. Majukwaa mengine nimeyafuta yote. Nimeisoma ada mpaka nukta — Elwyn alisema kweli, si nafuu. Nimechagua benki yetu hata hivyo. Kikapu cha wastani. Nimetumbukiza kiwango cha mwaka huu, kinachobaki kitangoja mwaka mpya wa kodi. Mwisho wakaniuliza mfuko huu niupe jina gani. Nimeandika la Mama. Nimefuta. Nimekaa.

Nimeandika: WANGU. Nikabonyeza.

Ilipokubali nilidhani nitafurahi.

Hasira zinakwenda na kurudi, hazijui zimshukie nani. Rhodri? Elwyn? Gwilym na mdomo wake? Nikifika kwenye jina la mwisho, langu, naruka. Naosha madirisha.

Jioni Elwyn kasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Kasema kesho wanakuja Aberdare, wote watatu. Kwa gari. Wataweka maua kwa Mama. Rhodri hajawahi kuona jiwe la kaburi.

"Watapita hapa?" Neno langu la kwanza siku nzima.

"Alisema hatatia mguu mahali alipokatazwa. Lakini watasimama kidogo, upande wa pili wa barabara. Kama unataka."

Kama nataka!

Jumapili, 30 Machi

Sikukuu ya Akina Mama. Usiku saa zimesogezwa mbele kwa ajili ya majira ya joto, mwili bado uko jana. Nimevaa gauni la bluu, nimelivua, nimelivaa tena. Olwen kapita na maua ya njano aliyopewa na watoto wake, kaniona, kapunguza mwendo, akaenda zake.

Naandika jikoni ili mikono iwe na kazi.

Gari limefika. Jekundu. Injini imezimwa. Hakuna anayeshuka.

Nimechungulia kando ya pazia. Rhodri ndiye kwenye usukani, anatazama mbele tu, mikono yote miwili kwenye usukani kama bado anaendesha. Nywele zimeanza kuota mvi kando ya masikio. Mvi! Mwanangu! Catrin kamgeukia anamwambia kitu. Anatikisa kichwa.

Mlango wa nyuma umefunguka. Mguu mmoja umetoka nje — kibuti cha mvua, cha kijani, na leo wala hakuna mvua. Unaning'inia. Haugusi lami. Sauti nyembamba inauliza kwa nguvu, barabara nzima isikie: "Ndiyo nyumba yake hii? Mbona hafungui?"

Mtu kamwambia arudishe mguu ndani. Hajaurudisha.

Elwyn ameshika koti langu, amelifungua tayari kwa mikono yangu. Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili kiko chini ya meza hii, nakigusa kwa vidole, na Rhodri amewasha injini — naenda na kimoja.