Mruko wa Lyova

Leningrad, 3 Februari 1979

Mdogo wangu Lyova,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, ila goti linalalamika.

Machi natimiza miaka ishirini ya kucheza baleti. Nitacheza mwanamfalme, na mwenzangu wa dansi ya mwanamfalme na hasimu wake amevunjika kifundo cha mguu. Wakubwa wa kundi letu wameniruhusu nikuite wewe. Yaliyopita si ndwele. Njoo.

Kaka yako,
Arkasha

Chelyabinsk, 15 Februari 1979

Kaka Arkasha,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama bado anagombana na majirani.

Kwangu yaliyopita ni ndwele. Wewe ndiye uliyewanong'oneza wakubwa kwamba nikienda na kundi kucheza Paris nitatorokea huko. Ukaenda ukacheza nafasi yangu, ukarudi nyota. Mimi nikatupwa huku, nichezee wafua chuma wanaoingia ukumbini na buti za kazini. Hao hawakupigii makofi kwa adabu, kaka. Wamenifunza kuruka.

Nitakuja. Mama kaniuliza, "Lyova, unakwenda kucheza au kuzika mtu?" Nikacheka tu.

Mdogo wako,
Lyova

Leningrad, 20 Machi 1979

Lyova,

Sikuulizi hali, nilikuona. Tulikubaliana tusiruke juu, kwa ajili ya goti langu. Mazoezini ukatii kama kondoo. Usiku wangu, mbele ya ukumbi mzima, ukapaa! Ningefanyaje? Nikakufuata, nikaanguka. Mwanamfalme yuko sakafuni, watu wanaliita jina la hasimu wake!

Daktari anasema sitacheza tena. Na wakubwa wanataka wewe uchukue nafasi yangu. Umefurahi sasa?

Arkadi (kwako si Arkasha tena)

Chelyabinsk, 2 Aprili 1979

Kaka Arkasha,

Shikamoo. Pole kwa goti.

Nimefurahi, sitakudanganya. Ulipoanguka mkono wangu ulinyooka wenyewe kukuinua. Nikaurudisha. Wakubwa nimewakatalia, sikutaka nafasi yako, nilitaka uikose.

Nilidhani Mama atanielewa. Tangu nirudi hajanipikia hata supu ya kabichi. Jana nimemkuta anafunga mizigo.

"Mama, yeye ndiye aliyeanza," nikamwambia.

"Najua. Nilikulilia wewe miaka yote hii. Sasa ni zamu yake."

Anakuja kukuuguza. Treni yake inafika Alhamisi asubuhi. Mpokee, mimi amenikataza hata kumbebea sanduku.

Mdogo wako,
Lyova