Kwa Yustina, Tuliyepanda Naye Nyanya Fupi

Mwanangu Yustina,

Najua jina hili si lako. Mama yako mzazi alikupa jina Mukamana, na ndilo unaloitwa hadi leo huko Rwanda. Lakini sisi hatukulijua, na wewe hukusema kitu, ndipo mume wangu Laurenti akakupa jina la marehemu mama yake. Nivumilie nikuite hivyo. Sina jina jingine la kukuitia.

Ulikuja mwaka ule watu walipovuka mpaka wakikimbia vita ya kwenu, wakaijaza barabara, wengine na magodoro kichwani, wengine mikono mitupu. Nilikukuta gulioni hapa Keza, wilayani Ngara, umeshika pindo la kitenge cha mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo. Nikadhani ni mama yako.

"Si wangu huyu," akaniambia. "Amenishika tangu asubuhi. Nikisogea, anasogea."

Tuliuliza kila aliyepita. Laurenti alikwenda hadi kambini kwa wakimbizi, akarudi amechoka, hakuna aliyekujua. Mwenyekiti wa kijiji akatuambia, "Kaeni naye hadi wenyewe wapatikane." Tulikuwa tumeoana miaka mingi bila kupata mtoto. Mimi nilisikia "kaeni naye." Hiyo "hadi" sikuisikia vizuri.

Ulikuwa na umri wa miaka kama minne. Ulikula, ulilala, ulinifuata kila nilipokwenda, lakini neno hukutoa. Haikuwa shida ya lugha, maana Kihangaza chetu na Kinyarwanda chako vinasikilizana. Watu wengi wakipita njiani kwa pamoja, ulikuwa unaingia chini ya kitanda, na ilibidi Laurenti alale kifudifudi sakafuni akubembeleze utoke.

Zamani nilikuwa napanda nyanya ndefu, zile za kuegemezwa kwenye miti. Mwaka ule hazikuwezekana tena. Vilima viliisha miti kwa kuni za kambi, na asubuhi moja tulikuta hata vijiti vya bustani vimeng'olewa, nyanya zimelala chini. Laurenti aligomba peke yake weee, kisha akasema, "Mtu ana watoto na hana kuni. Afanyeje?"

Bwana shamba akanipa mbegu za nyanya fupi. "Hizi hazitaki mti," akasema. "Zinajisimamia zenyewe." Nilizisia kitaluni, zikakua polepole mno hata nikadhani amenidanganya. Kumbe ndivyo zilivyo. Shina lake nene, majani mazito yaliyokunjamana, ya kijani cha kukaribia weusi. Nyingine tulizihamishia kwenye madebe yaliyokuja na mafuta ya msaada. Laurenti aliyatoboa chini kwa msumari, tukayapanga kwenye ukuta wa jiko.

Zilikufika kifuani tu. Mimi nilikuwa nainama, wewe umesimama wima unazitazama kama wenzako. Nilikuonyesha kumwagilia kwenye shina, siyo juu ya majani, na kutandaza nyasi kavu ili tunda lisiguse udongo likaoza. Ulifanya kwa uangalifu, ulimi umeutoa nje kidogo pembeni mwa mdomo.

Siku moja napepeta maharage uani, nikasikia sauti nisiyoijua.

"Zatukuye."

Yaani, zimekuwa nyekundu. Sikugeuka haraka. Niliogopa nikishangilia utanyamaza tena. Nikasema tu, kama jambo la kila siku, "Basi chuma moja."

Ukachuma mbili, ya pili ukampelekea Laurenti. Aliila mbele yako bila chumvi, maji yanamchuruzika kidevuni, akakushukuru, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta kule anajifuta macho kwa mkono wenye udongo.

Baada ya hapo nani angekunyamazisha? Ulisema na kuku, ulisema na madebe, ulikosoa uji wangu.

Mama yako alitukuta tukiwa bustanini. Alikuja kwa miguu, amekonda, turubai limekunjwa begani. Alikutafuta kambi hadi kambi, mpaka mtu mmoja alipomwambia kuna wenyeji wanaokaa na mtoto aliyeokotwa gulioni. Hakukuita. Alisimama pembeni mwa matuta, akaanza kupiga makofi taratibu, mchezo ambao bila shaka mlikuwa mkicheza nyumbani. Ukadondosha kopo la maji, ukamkimbilia. Hukunitazama. Sikuwa na haja ya kuuliza kama ni mama yako kweli.

Tulimkaribisha akakaa nasi. Tulipalilia pamoja, tukakamua mbegu pamoja, wewe katikati unamwita yeye mama na mimi mama, nasi sote wawili tunaitika. Kisha watu wakaanza kurudishwa makwao. Siku ya kuondoka alinishika mikono.

"Dada, usitusindikize. Akikuona barabarani hatakubali kwenda. Kaa hapa bustanini, fanya kama unachuma. Nitamsimulia habari zako kila siku. Hatakusahau."

Nikachuma. Laurenti aliwabebea mzigo. Nilikusikia unaniita kutoka njiani, "Mama, njoo!" ukidhani nimechelewa tu. Sikuinua kichwa. Nilipoinua, njia ilikuwa tupu, na beseni langu limejaa nyanya mbichi zisizo na kazi yoyote.

Miaka ilipita mingi bila habari. Halafu akaja gulioni mwanamke kutoka kwenu, anauza vitenge. Kwa kuzungumza, tukafahamu kwamba ni jirani yako. Mama yako, akasema, aliugua akafariki mapema baada ya kurudi. Ulilelewa na shangazi.

"Hajawahi kukutajia Ngara?" nikamuuliza.

"Mukamana? Yule husema hajawahi kufika Tanzania."

Nilishika meza yake ya vitenge. Nikamuuliza kama unakula vizuri. Akaniambia umeolewa, una watoto wawili, na unacheka sana, kicheko chako kinasikika hadi kwake.

Nilimpelekea Laurenti habari hizo kitandani, maana alishakuwa mgonjwa.

"Anacheka?" akauliza.

"Anacheka."

"Basi, Mama Yustina," akasema, akageukia ukutani. Alifariki masika yaliyofuata.

Watu bado wananiita Mama Yustina. Wageni wakiniuliza Yustina yuko wapi, nawajibu ameolewa mbali, na si uongo.

Yule mwanamke alirudi tena, akaniuliza, "Nikupelekee salamu?" Nilifungua mdomo nimtume. Nikafikiri, ataanzia wapi? Kwamba ulipotea? Kwamba ulikaa kwetu muda mrefu huwezi kutoa neno? Ukikumbuka bustani yangu, utaikumbuka na njia iliyokuleta, na yale uliyoyaona humo, ambayo hukuwahi kutueleza. Nikamwambia, "Hapana, dada. Msalimie kwa ujirani wako tu." Barua hii nayo sitaituma.

Nakulilia, sitakuficha. Kuna asubuhi naamka nina hasira na mama yako kwa kufa kabla ya kukusimulia, kisha namwombea rehema. Lakini kama usahaulifu ndio ulioichukua hofu ile kutoka kwako, basi nimekubali kusahauliwa pamoja nayo.

Kaa salama, mwanangu. Wapakate watoto wako. Endelea kucheka.

Mama yako wa Keza